Nguzo ya Katikati

Pito, Sumbawanga. Jumapili, 17 Novemba 2024

Niliondoka Ufipa mwaka 1980, wakati wa kuvuna ulezi, nikiwa na sanduku la mbao na barua ya kazi. Ni miaka arobaini na minne. Katikati hapo nilikuja mara chache, nikakaa kama mgeni na kuondoka kabla sijazoea baridi. Safari hii nimekuja kwa msimu mzima wa mvua, kwa sababu mke wangu Jane amekubali tuhamie huku, kwa sharti moja.

Sharti lenyewe ni banda la magari. Jane anaendesha gari lake mwenyewe tangu alipokuwa muuguzi kijana kule Tanga tunakoishi, na hapendi kumngoja mtu amwondolee gari njiani ndipo atoke. "Baba Raymond," aliniambia, "nitakuja kwenu. Nitakula ugali wenu wa ulezi, nitavaa masweta yenu. Lakini gari langu liwe na mlango wake. Nikitaka kwenda misa ya kwanza nisikuamshe." Basi magari mawili, milango miwili, nguzo katikati. Banda likisimama kabla ya Pasaka, tunahama. Likishindikana, hahami, na mimi bila yeye siwezi.

Naandika "banda," siandiki "gereji," maana hapa gereji ni kule barabarani wanakoziba pancha.

Nyumba iko tayari. Mdogo wangu Cleophas aliisimamia kwa miaka mingi, chumba baada ya chumba, na ameitunza vizuri. Vizuri mno, kwa mtu ambaye hakai humo.

19 Novemba

Nilichora ramani za viwanja maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo naanza na vitu vitakavyokaa ndani, kuta baadaye. Pikapu yangu, iliyobaki Tanga: urefu mita 5.3, upana 1.8. Gari la Jane: upana 1.65. Mzee anayeshuka garini bila kujipinda kiuno anahitaji sentimita tisini. Nafasi hizo ziko tatu: ukutani kwangu, katikati ya magari, ukutani kwa Jane. Ongeza rafu ya vifaa, sentimita arobaini. Jumla 6.55, naandika 6.6. Kwenda ndani, urefu wa pikapu na njia ya kupita mbele yake: 6.2. Milango miwili ya mita mbili na nusu, nguzo ya sentimita sitini katikati, na nusu mita ya ukuta kila upande. Hesabu imefunga kamili.

Fundi Isdori alinitazama nikipigilia vigingi na kuvuta kamba. "Mzee, magari unayapangia chumba kama maharusi."

"Maharusi hawahitaji kufungua milango minne kwa mara moja," nilimjibu. Alicheka, lakini alimtazama Cleophas kwanza.

22 Novemba

Mvua ya kwanza kubwa. Radi imepiga upande wa mlimani.

24 Novemba

Vigingi vimesogea. Upana sasa ni mita 7.4. Nilimwita Isdori.

"Labda mvua, mzee. Udongo huu ukilowa unatembea."

Mvua haihamishi vigingi viwili na kuiacha kamba imenyooka. Sikumwambia hivyo. Nimevirudisha.

28 Novemba

Vimesogea tena, safari hii upana unakaribia mita tisa, na kwenda ndani pia. Kwenye tope nimeona kwato za ng'ombe. Yuko jirani mmoja, Msukuma, anaitwa Ndalahwa. Amepanda juu huku kutoka Milepa, bondeni, akakodi shamba linalopakana na letu. Katika magazeti nimesoma sana habari za wafugaji na mipaka. Nilimfuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ng'ombe wako wamepita kwenye msingi wangu."

"Wamepita, nisamehe. Kuna mmoja pale, yule mwekundu, kichwa chake kigumu."

"Na vigingi vyangu?"

Alifikiri kidogo. "Mzee, ng'ombe wangu hawajui kupima. Wangejua ningewauza serikalini." Akacheka peke yake, kisha akaniuliza ninapenda kula mahindi ya aina gani. Mtu anayebadilisha mazungumzo upesi hivyo ana jambo.

3 Desemba

Wakati wa chai Cleophas alisema, akiangalia kikombe, "Kaka, mlango mmoja mpana si ungetosha? Bila nguzo. Nguzo inakula nafasi."

"Nguzo ndiyo inayobeba linta ya juu ya milango. Na Jane anataka mlango wake."

"Shemeji ni mtu mwelewa," alisema.

Sikumwuliza aelewe nini.

7 Desemba

Lori la mfanyabiashara wa mahindi limesimama kwa Cleophas. Dereva alishuka, akaja mpaka kwenye kamba zangu, akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sasa naona. Jengo la mita nane au tisa, lisilo na nguzo, mlango mpana: hilo ni ghala. Nitarudi Tanga kumchukua Jane, na tutakapofika tutakuta magunia hadi darini na magari yetu nje kwenye mvua ya mawe.

12 Desemba

Mvua. Vigingi viko palepale nilipovirudisha. Hilo nalo linanitia wasiwasi.

15 Desemba, Jumapili

Jumuiya yetu ndogondogo ilisali uani kwangu. Baada ya sala walitembelea kiwanja kama watu wanaokagua kanisa jipya. Mwenyekiti wao, mama mmoja anayeitwa Agnesi, alinyoosha mikono, akapiga hatua za pembeni, akawaambia wenzake jambo kwa Kifipa, kwa sauti ya chini. Kifipa changu kimechakaa, nilishika neno "kukaa" na neno "wote." Kisha alikuja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akulipe, mzee Leonardi. Wengi waliotoka hawatukumbuki hivi."

"Ni banda la magari, mama Agnesi."

"Ndiyo, baba. Ndiyo, la magari." Macho yake yalijaa machozi.

Hakuna mtu anayelia kwa ajili ya ghala la mahindi. Nimerudi mwanzo kabisa wa shaka zangu.

20 Desemba

Dada yangu Bertilla ni mkubwa wangu kwa miaka saba, na bado anafyeka mwenyewe. Alikuja na fimbo yake, akasimama ndani ya kamba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mlango unautazamisha wapi?"

"Barabarani. Magari yanatoka barabarani."

"Utazamishe uani."

"Dada, gari litageukaje?"

"Watageuka," alisema, akaenda zake. Alisema "watageuka" wakati mimi nilikuwa nazungumzia gari. Nilidhani ni uzee.

25 Desemba

Noeli. Kuku wawili, wali, nyimbo. Kila aliyekuja alinitazama kama mtu anayepimwa koti.

3 Januari 2025

Nimeamua kwenda Ilemba kumwona binamu aliye mgonjwa. Nimemwachia Isdori maagizo kwa mdomo na kwa mchoro: asichimbe chochote kabla sijarudi.

8 Januari

Barabara ya Ilemba ilikuwa imekatika, nikachelewa. Nimefika leo asubuhi.

Msingi umechimbwa na kumwagwa zege. Mita tisa kwa nane. Mlango umeachwa upande wa uani, mpana wa mita sita, na katikati yake hakuna hata nondo moja ya nguzo. Isdori alikuwa anasawazisha pembe. Aliponiona aliweka mwiko chini na kuvua kofia.

"Nani amekuagiza?"

"Mzee, naomba uzungumze na nyumbani kwako."

Cleophas alitoka akiwa ameshika kikombe. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyaweka tangu Novemba: vigingi, lori, ghala, kwamba ameitunza nyumba yangu kwa miaka ili aje aitie magunia. Nilimwambia kwamba ananiibia nikiwa nimesimama. Sijawahi kusema naye hivyo tangu tulipokuwa watoto.

Hakukasirika. Alionekana kushangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

"Ghala? Kaka, mahindi yangu yanakaa kwangu. Dereva yule ni mjukuu wa marehemu Urbano. Alikuja kutazama kama lori lake litaweza kugeuka hapa na watu nyuma."

"Watu gani?"

Alimtazama Isdori. Isdori akaanza kukusanya vifaa vyake ingawa kazi haikuwa imekwisha. Ndipo Bertilla alipokuja kutoka jikoni, taratibu, na kuketi juu ya tofali.

"Mwache mdogo wako," alisema. "Ni mimi niliyemwambia Isdori asogeze vigingi. Mara zote. Cleophas hakutaka. Alisema tumweleze. Nikamwambia, utamwelezaje kaka yako jambo hilo ukimtazama usoni?"

"Jambo gani, dada?"

"Msiba wako."

Nilikaa na mimi.

"Urbano alipoletwa kutoka Mbeya," aliendelea, "ilikuwa mwezi wa pili, mvua kama hii. Nyumba yake ilikuwa nzuri, yenye vigae, lakini mlango mwembamba. Jeneza liliinamishwa. Liliinama hivi, tukasikia alivyoteleza ndani. Watu walikesha nje kwenye maji siku tatu, na mama mmoja alipata homa ya mapafu. Nikasema, Leonardi hataletwa hivyo. Halafu ukapiga simu: unakuja mwenyewe, unataka kujenga kitu kikubwa karibu na nyumba, chenye mlango wa kutosha gari. Tukashukuru. Tukasema, ametusikia bila kuambiwa."

"Nilisema magari mawili. Nilisema Jane."

"Ulisema," alijibu Cleophas. "Tukadhani ndiyo namna yako ya kulisema. Mtu hataji kilio chake mwenyewe, kaka. Anasema anajenga stoo, anajenga banda. Beda naye, aliyetoka kama wewe, alisema anajenga kisima. Watu wanaelewa, hawaulizi. Ukikosea kipimo, wanakurekebishia kimyakimya, ili usiaibike."

"Nimekuja kuishi."

Wote watatu walinitazama. Hakukuwa na ubaya wowote katika nyuso zao, na hilo ndilo lililonivunja.

"Nitajie mmoja," alisema Bertilla. "Aliyetoka, akajenga, akarudi akaishi. Mmoja tu."

Nilipita barabara yote ya Pito kichwani mwangu. Nyumba ya Urbano, imefungwa. Nyumba ya Beda, imefungwa, na kisima kimejaa majani. Ile ya mwalimu, yenye baraza la nguzo nne, hufunguliwa mtu akiletwa, na ikifagiliwa watoto hujua kuna jeneza njiani. Mimi ndiye niliyechora ramani za viwanja vya watu wengine, na sikuwahi kuona kwamba nyumba yangu iko katika mstari ule.

Bertilla alinyanyuka, akaanza kunionyesha kwa fimbo, kwa upole, kama ninavyoweza kumwonyesha mteja. "Wewe ulipima magari. Hapa katikati utakaa wewe, kwa hiyo nguzo haiwezekani, watu walio uani hawatakuona. Kule wanakwaya. Huku wanawake. Na hapa, ukutani pasipo na upepo, mkeka wa mkeo, sisi tumemzunguka."

Palikuwa mahali pa gari la Jane. Sentimita kwa sentimita.

9 Januari

Mvua. Sikutoka.

11 Januari

Nimempigia Jane. Nilitaka kumficha lile la mwisho lakini tumeishi pamoja mno. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo walikupima wewe," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi wakanipimia mkeka."

Nilisikia akivuta kiti na kuketi.

"Baba Raymond, siwakasirikii. Lakini sitaegesha gari hapo kila siku nikirudi misa. Huwezi kuniomba hilo."

"Nitaweka nguzo," nilimwambia. "Nitalipunguza banda. Nitageuza mlango."

"Haya. Weka nguzo," alisema, kama alivyokuwa akiwaambia wagonjwa wameze dawa.

16 Januari

Nimemwagiza Isdori asimamishe nondo za nguzo katikati ya uwazi. Amefanya bila neno. Cleophas amebeba kokoto mwenyewe. Hakuna anayebisha. Wakiona napita, wanapunguza sauti.

23 Januari

Nguzo imefika kiunoni. Nimeipima: imesimama wima kabisa.

30 Januari

Ukungu mchana kutwa. Nimeanza kuhesabu upya ukarimu wote niliopewa tangu Novemba. Maziwa kila asubuhi. Kiti chenye mto kanisani. Watoto wanaosimama nikipita. Nilikuwa nimeshuku kwamba wanataka kitu kwangu. Ukweli ni kwamba hawataki kitu chochote kwangu, wananiaga.

8 Februari

Sasa ni wakati wa kutengeneza intumba, yale matuta yetu ya mviringo ambayo majani hufukiwa chini yake yaoze, yawe mbolea ya msimu ujao. Ukoo mzima uko shambani. Nilichukua jembe, nikafuata. Cleophas alinipokonya kwa heshima.

"Kaka, kaa kivulini. Utachoka bure."

"Sehemu yangu ni ipi?"

Alitazama wenzake. Kila mtu alikuwa na mstari wake, hadi wajukuu. Wangu haukuwepo. Hakuna aliyekuwa ameufuta. Hakuna aliyewahi kuufikiria. Anayetengeneza intumba leo atakula matunda yake mwakani.

Niliporudi nilipita kwa Ndalahwa. Alikuwa akirekebisha plau.

"Mzee, tangu mwezi wa kumi na moja hujanijibu."

"Nini?"

"Mahindi unayopenda. Kona ile ya kwenu iliyogusana na yangu, ng'ombe wangu wanaweza kuilima Novemba. Tugawane mavuno. Au ninyi Wafipa mkizeeka mnakula maandiko tu?"

Nilikaa naye mpaka akamaliza plau. Aliniambia alimzika baba yake kule Milepa, mbali na kwao. "Kwetu?" alisema. "Kwetu ni pale ninapotakiwa kufunga ng'ombe jioni." Huyu ndiye niliyemshuku wa kwanza. Katika Pito yote, ndiye peke yake aliyeniuliza habari za mwaka ujao.

22 Februari

Beda ameletwa. Yule wa kisima. Shuleni alinitangulia darasa moja.

Nyumba yake ilifagiliwa jana. Leo tangu asubuhi mvua haijakatika. Turubai lilifungwa kwenye miti minne, maji yakajaa katikati yake kama tumbo, na kila mara wanaume watatu walilisukuma kwa mpini ili yamwagike, na yalimwagikia wanawake. Nilishika mti mmoja. Agnesi alikuwa amekaa kwenye tope na binti wa marehemu mapajani mwake, amemfunika kwa kanga yake mwenyewe, na yeye amelowa hadi mifupani. Jeneza lilipotolewa mlangoni liliinamishwa. Nilisikia.

Hakuna aliyenitazama. Hakuna aliyegeuza shingo kuelekea kiwanja changu, mita chache tu kutoka pale, chenye kuta nusu na nguzo katikati. Walijizuia wote, kwa adabu ileile.

24 Februari

Nimemwita Isdori. "Bomoa nguzo."

Alikuna kidevu. "Mzee, tumeipandisha juzi tu."

"Bomoa. Lakini uwazi wa mita sita bila nguzo hauwezi kubebwa na linta yako ya kawaida, itapasuka. Nimechora boriti. Kimo chake sentimita sitini, nondo nne nene chini, mbili juu, pete za kuzifunga kila baada ya kiganja. Usiondoe mbao za chini mpaka zege likomae mwezi mzima."

Alitazama mchoro kwa muda mrefu. "Na magari, mzee?"

"Ongeza mlango mdogo upande wa jikoni, wa kupitisha chai. Na mfereji kuzunguka uani, maji yasisimame."

10 Machi

Boriti imemwagwa. Bertilla alikuja kuitazama, akagusa mbao. "Imekuwa pana," alisema. Ni sifa kubwa kabisa niliyowahi kupewa kwa kazi ya mikono yangu. Hata hivyo nilimwona akikonyezana na Cleophas, na sijui walikuwa wanaambiana nini. Huenda hawakuwa wanaambiana chochote. Nimekuwa mtu wa kushuku hata kope.

14 Machi

Mvua inapungua. Mahindi yamekomaa. Ndalahwa ameniletea machache ya kuchoma, akaondoka bila kukaa.

22 Machi, Jumamosi

Basi linaondoka kesho alfajiri. Nimewaita Cleophas na Bertilla sebuleni.

Nimewaambia banda ni lao, la jumuiya nzima; atakayepata msiba asiombe ruhusa kwa mtu. Ufunguo atashika Agnesi. Ile kona ya shamba nimemwachia Ndalahwa ailime, na Cleophas amekubali, ingawa kwa shingo upande. Nyumba wapangishe mtu mwenye watoto, madirisha yafunguliwe.

"Na wewe kaka?" aliuliza Cleophas.

Nimemweleza nilivyozungumza na Raymond, mwanangu. Atanizika Tanga, upande wa bahari, kwenye makaburi ambayo mama yake anaweza kufika kwa gari lake na kurudi nyumbani kwake siku hiyohiyo.

Cleophas alilia. Bertilla hakulia. Aliuliza, "Hata siku hiyo?"

"Hata siku hiyo, dada."

Kisha akainuka kwenda kunifungia mahindi ya safari.

Naandika wazi, asije mtu akasoma vingine. Sirudi Pito. Sitakuja kwa miguu yangu, wala sitaletwa.